Baba mkwe sheriff alivyonishinda kwa kura, sebuleni kwa dada yangu kule Alby

Wakuu, heshima yenu. Nawaandikia toka Hässelby, huku Stockholm, bado sijakaa sawa. Haya sikuhadithiwa, nilikuwepo, na mdomo wangu ndio ulioniponza.

Mpwa wangu Neema anaolewa na kijana wa Kimarekani. Baba wa kijana alikuwa sheriff, yaani mkuu wa polisi wa kaunti. Kule cheo hicho wanakipigia kura kama udiwani. Mzee alishinda chaguzi mfululizo, ya mwisho akabwagwa.

Jumamosi wakaja Alby kwa dada, yeye na mkewe, tupange harusi ifungwe wapi. Yeye anataka kwao. Sisi tunataka Stockholm, na msemaji wa familia ni mimi. Ukumbi wa Spånga nilishaushusha bei mpaka meneja akaacha kutabasamu.

Mlangoni nikamtania, ulianguka vipi?

"Nilizunguka kaunti nzima, nyumba kwa nyumba," akasema. "Mtaani kwangu sikwenda. Nilijua ni wangu."

Nikacheka. Nikajisemea, huyu mwepesi.

Kisha akapotea. Mimi sebuleni napanga hoja, yeye jikoni kajifunga aproni ya dada, anamenya ndizi vibaya kabisa, Neema anamtafsiria kwa wakina mama. Nikadhani kakimbia mjadala.

Tulipokaa, akatoa hoja moja. Mimi nikamwaga saba.



Nikaona nimalize mchezo. Maharusi tuliwaweka pembeni, nikahesabu vichwa: sisi tisa, wao wawili. Nikarudia. Tisa.

"Mzee, wewe si mtu wa kura? Basi tupige."

Akaniangalia kwa huruma. Wakuu, ile huruma ningeisoma mapema.

Wanaotaka Marekani? Mikono ikapanda kama darasani. Shangazi Furaha, mtu wa Bukavu, aliyeniapia kwenye simu kwamba hapandi ndege tena maishani. Dada yangu, mama wa bibi harusi. Nikageuka nihesabu upya, nikamkuta mke wangu. Tumekuja naye treni moja ya tunnelbana. Mkono juu, hanitazami.

Nilibaki na shemeji tu, na shemeji alikuwa amesinzia.

Nikauliza kuna nini hapa.

"Mama ya huyu baba amezeeka, hawezi panda ndege," Shangazi Furaha akanijibu taratibu. "Anataka aone mjukuu wake akioa, kisha apumzike. Alituambia yote kule jikoni. Weye haukumuuliza."

Ni kweli. Nilimuuliza tarehe, idadi ya wageni, nani analipia chakula. Kwa nini anataka kwao, hilo sikuuliza.

Mzee akaja kunishika bega. La kusema alishalisema mlangoni.

Nilichojifunza: kabla hujaitisha kura, anza kampeni chumbani kwako.

Ukumbi wa Spånga nime-cancel, meneja katabasamu tena. Waliowahi kupata wakwe wanasiasa, mnaishi nao vipi? Na mwenye connection ya tiketi nafuu anishtue, natafuta moja tu.

Mke wangu kashakata yake.