Kiti cha Mwaitu

Nyumbani kwetu kulikuwa na watu wawili niliowaita Mwaitu. Wa kwanza ni mama yangu mzazi, na kwa Kikamba neno hilo halina maana nyingine. Wa pili ni binti yangu wa kwanza, ambaye tulimpa jina la mama alipozaliwa. Kwetu ukimpa mtoto jina la mamako, basi huyo ni mamako, hata kama bado ananyonya. Nilipoita kutoka sebuleni waliitika wote wawili, mmoja ana miaka kumi na miwili, mwingine karibu themanini, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Jina lilikuwa na masharti yake pia. Mke wangu alimgombeza yule mtoto alivyotaka, lakini mimi sikuwahi kumwinulia mkono wala sauti. Ningemfokea vipi mama yangu?

Mama alihamia kwetu Machakos kutoka Kathiani alipoanza kusahau. Mwanzoni alikuwa akisahau sufuria motoni. Kisha akasahau njia ya kutoka kanisani, na siku moja majirani wakamkuta barabarani akitafuta mbuzi waliouzwa mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mimi huuza katika duka la vifaa vya ujenzi, misumari na mabati na rangi, na mke wangu huuza matunda kule Kyumbi, kando ya barabara. Mchana hakukuwa na mtu wa kubaki naye. Basi tukafanya lile ambalo wengi hufanya na hawalisemi: tulimfungia. Asubuhi tulimwachia chai kwenye chupa, chakula mezani na redio ikiongea, tukatia kufuli nje, na ufunguo mmoja tukampa jirani. Saa kumi jioni binti yangu alitoka shule akamfungulia.

Kwa hiyo kila siku wajina hao wawili walikuwa na saa mbili zao kabla sisi wengine hatujafika.

Muhula ule mwalimu wa muziki alikuwa ametunga mchezo wa nyimbo kwa ajili ya siku ya wazazi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na hadithi yake haikuwa ngumu. Kiangazi kimekuwa kirefu, mto umekauka, watu wanachimba mchanga kila mahali na hawapati maji. Kuna bibi mzee ambaye hakuna anayemsikiliza, na kumbe ndiye anayejua mahali maji yamelala. Binti yangu akapewa kuwa huyo bibi. Wenzake walitaka kuwa malkia wa mvua, mwenye gauni la kumetameta. Yeye alirudi nyumbani akiruka kwa furaha ya kufanywa mzee.

Mwalimu wake wa kweli alikuwa mama. Kuna siku mama hakulijua jina langu, lakini kuchimba maji kwenye mchanga alikuwa hajasahau hata hatua moja. Jioni niliwakuta uani, wote wawili wamepiga magoti kwenye udongo. Mama alimwonyesha jinsi ya kuteka kwa kibuyu polepole, ukiinamisha mdomo wake tu, ili maji yasichafuke. Alimwonyesha jinsi ya kuinuka na mzigo mgongoni, mkanda wa kiondo ukiwa kichwani, juu kidogo ya paji la uso. Mama ana, alikuwa na, alama ya mkanda huo hapo kichwani, mfereji mdogo uliochimbwa na miaka yote ya kubeba. Binti yangu aliupima kwa kidole, kisha akajichora wake kwa wanja wa mamake.

"Na ukichoka, Susu?" alimuuliza siku moja, akimwita nyanya yake kwa Kikamba.

"Huchoki," mama akasema. "Ukichoka, huyu mtoto atakunywa nini?"

Akaninyooshea kidole mimi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, binti yangu alikuja akasimama mbele yangu nikiwa nakula. "Baba, lazima Susu akuje."

"Atakuja."

"Akae mbele kabisa. Mwalimu amesema niko na kiti chake mbele, kando yako."

"Nimesema atakuja, Mwaitu. Si nimesema?"

Nilikuwa nimesema, na siku hiyo nilikuwa nasema kweli.

Kisha ikaja ile Jumapili. Katikati ya mahubiri mama alisimama na kuanza kuwaita wale mbuzi wake, mmoja mmoja kwa majina yao, kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa bonde. Nilimvuta akae. Akaniambia nimwachie, akaanza kufungua vifungo vya nguo kwa sababu ya joto. Watu wakakohoa. Watoto wakacheka kwa sauti. Nilimtoa nje nikiwa nimemshika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na hilo pia nalikumbuka.

Wiki hiyohiyo shule ikanipigia simu kuniomba nitoe shukrani kwa niaba ya wazazi wa gredi ya sita. Nilijiona mtu. Wazazi wa shule ile ni watu wa ofisi na magari, wengine ni wateja wetu dukani, na wengi hawajawahi kuniona nikiwa sina vumbi la simiti. Niliandika hotuba yangu nyuma ya karatasi ya duka, nikaifanyia mazoezi stoo, katikati ya mifuko. Nilinunua koti.

Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya biashara ya mke wangu, kwa hiyo tulikubaliana mimi ndiye nitakayempeleka mama. Binti yangu aliondoka mapema na nguo kuukuu ya Susu, kiondo na kibuyu. Mke wangu alimwogesha mama kabla ya kutoka, akamvika nguo ya kanisani, kitambaa cheupe na viatu vyeusi. Niliporudi kutoka dukani saa saba mchana nilimkuta ameketi ukingoni mwa kochi, kibeti mapajani, kama mtu aliyeambiwa jina lake litaitwa wakati wowote. Aliniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Halafu akaanza kuimba ule wimbo wa kuchimba maji aliomfundisha binti yangu uani, kwa sauti kubwa, huku akipiga kibeti kwa kiganja.

Nilimtazama, nikatazama saa, nikajiona nimesimama mbele ya watu wale na hotuba yangu mkononi, na yeye nyuma yangu akiita mbuzi.

"Mwaitu," nikamwambia, "ngoja kidogo. Naenda kuleta gari."

Hatuna gari. Nilivaa koti langu, nikatoka, nikafunga mlango na kutia kufuli. Nikiwa bado nauzungusha ufunguo nilimsikia ndani akisema, bila haraka yoyote, "Mimi niko tayari."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kiti kilikuwa mbele kabisa, kando ya changu, na kwenye egemeo kilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko ninaoujua: SUSU. Nilivua koti nikalitandaza juu yake. Nilijiambia ni joto. Mzazi mmoja akaniuliza kama kiti kile kina mtu, nikamjibu kina mtu.

Sitaki kudanganya kwamba sikuufurahia mchezo. Binti yangu alipoingia jukwaani, mgongo umepinda, kiondo nyuma, mkanda juu ya ile alama ya wanja, nilishtuka kweli. Alikuwa mama. Si mama wa siku hizi. Alikuwa mama wa miaka ile ya ukame, aliyekuwa akituacha giza la alfajiri na kurudi jua likiwa limetuchoma. Alikuwa na hatua yake, na ile desturi ya kusimama na kupangusa jasho kwa nyuma ya kiganja. Watu walicheka walipotakiwa kucheka, kisha wakanyamaza. Alipiga magoti, akachimba mchanga wao wa maboksi, akateka polepole akiinamisha mdomo wa kibuyu. Ndani mlikuwa na maji ya kweli. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, nikiwaza tu kwamba huyu ni mtoto wangu.

Kisha likaja lile nisilolijua. Walikuwa wamelificha, yeye na mwalimu wake, liwe la kutushangaza. Maji yalipopatikana kwaya ilianza wimbo wa mwisho, na bibi mzee akawaambia wanakijiji, "Maji ya kwanza si yangu. Ni ya yule aliyenifundisha." Akainuka na kibuyu mikononi, akashuka ngazi za jukwaa moja moja kwa zile hatua za mama, akaja moja kwa moja kwenye mstari wa mbele.

Alikuja akitabasamu. Nadhani aliliona koti kutoka mbali akafikiri limemfunika mtu, kwa sababu tabasamu lilidumu mpaka alipofika karibu kabisa. Alisimama mbele ya kiti. Akanyoosha kibuyu kidogo, akakirudisha. Kwaya ikafika mwisho wa kiitikio ikamtazama mwalimu, mwalimu akawapungia warudie. Watu wakaanza kucheka, wakidhani bibi mzee amesahau alichokuja kufanya na kwamba ndio mchezo wenyewe. Wakacheka zaidi alipoinua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mapajani bila kunitazama. Karatasi ikaonekana. Akaketi juu ya kiti hicho, mgongo umepinda vilevile, kibuyu juu ya magoti, na akabaki hapo mpaka wimbo ukaisha na watu wakasimama kupiga makofi.

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia gari halikupatikana. Lakini nilikuwa nimeshaitwa.

Nilitoa shukrani. Niliwashukuru walimu, nikamshukuru mkuu wa shule, na kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ile na sikuwa na akili ya kuiruka, niliwashukuru wazazi wote waliotenga muda kuwaleta wazee wetu. Watu wakapiga makofi. Binti yangu alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, amevaa nguo ya mama, ananisikiliza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alibeba kibuyu kwa mikono miwili, kiganja kimoja juu ya mdomo wake, ili maji yasimwagike. Nilimwambia, "Nipe nikusaidie." Akasema, "Iko sawa, baba." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote, kutoka shuleni mpaka mlangoni.

Nilipofungua kufuli mama alikuwa pale pale ukingoni mwa kochi, kibeti mapajani, viatu miguuni. Alikuwa amejikojolea, na kitambaa cheupe kilikuwa bado kimekaa sawa kichwani. Chakula hakukigusa. Alimwona binti yangu, akaitazama nguo yake mwenyewe na kiondo chake mwenyewe, na uso wake ukafunguka.

"Mmekuja," akasema. "Tunaenda?"

Binti yangu alipiga magoti mbele yake, akainamisha kibuyu polepole. Mama akanywa mpaka yakaisha, akapangusa mdomo kwa nyuma ya kiganja.

"Hayajachafuka," akasema. Kisha akauliza, "Na nilikuja?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kufuli mkononi. Binti yangu hakugeuka kunitazama.

"Ulikuja, Susu," akasema. "Ulikaa mbele kabisa, kando ya baba. Nikashuka nikakuletea maji, na watu wote wakakupigia makofi."

Mama akaniangalia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwaitu," nikasema.

Yeye ambaye hakuweza kukumbuka kama amekula, hilo hakulisahau. Alimsimulia mke wangu jioni hiyohiyo, na mke wangu akanitazama kwa furaha, na mimi sikumwambia kitu. Aliwasimulia majirani na wanawake wa kanisa waliokuja kumwombea. Kila mara aliongeza kidogo: alikuwa amesimama, alikuwa ameimba, mwalimu alimshika mkono. Binti yangu alikaa kando yake akisema, "Ndiyo, Susu, na uliimba vizuri." Sijawahi kumsikia akiuongeza au kuupunguza uongo ule nje ya alivyoutaka mama.

Mama alifariki mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, tukamzika Kathiani. Mwanamke mmoja wa kanisa alisimama kutoa kumbukumbu, akasimulia jinsi mwanawe alivyompeleka marehemu shuleni akamkalisha mbele ya wazazi wote, na jinsi mjukuu alivyompa maji. Akasema Mungu awape wengine watoto wa namna hiyo. Watu waligeuka kuniangalia, wengine wakitikisa vichwa kwa kunisifu. Nilimtafuta binti yangu. Alikuwa upande wa pili wa kaburi, na safari hii alinitazama. Alikuwa ananingoja. Kipaza sauti kikaja kwangu kama mtoto wa marehemu, na nikasema, "Ni kweli, nilikaa kando yake."

Siku chache baadaye aliniomba, kwa adabu zake zote, nimwite kwa jina lake la shule. Nikimwita hivyo huja mara moja, huniuliza kama nimekula, hunitengea maji ya kuoga. Hana hata siku moja aliyonikosea heshima. Kuimba aliacha.

Juzi nilijisahau. Nilikuwa nimeketi sebuleni, yeye yuko jikoni anakoroga uji, na nikaita kama zamani, "Mwaitu!" Nilisikia mwiko ukisimama. Nikangoja. Kisha ukaendelea kukoroga.