Plagi Iliyoning'inia Ubavuni mwa Gari

Nimechoka kusikia mkasa huu ukisimuliwa na watu wengine, kila mmoja akiuongezea moshi wake, kwa hiyo acha niusimulie mwenyewe mara moja, aibu ikiwa yangu, nipumzike.

Ulianza na jambo dogo sana: kuchagua plagi. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya umeme, nikakaa nyumbani Meru mpaka kuku wakaacha kunikimbia, halafu nikapata kazi ya majaribio Isiolo kwa Daktari Guyo, daktari wa mifugo mwenye gari kubwa lenye kitanda, jiko na friji ya chanjo, nyumba kamili juu ya magurudumu, ambamo yeye hulala wiki nzima akizunguka kuchanja mbuzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka, nje ya gari, mahali pa kuunganisha paneli mbili za sola, zile za kukunja na kubeba, ili gari likae kivulini na paneli zikae juani.

Fundi Mwiti, wa mtaa wa Chechelesi, alinionyesha vile viunganishi vyeusi vya sola, vya kubana mpaka usikie "ka", akasema, "Kendi, weka hizi, weka na kifuniko, tumalize." Mtu mwingine angemaliza. Mimi niliwaza siku tisa. Kikivunjika tukiwa Kinna, nitapata wapi kingine? Vumbi likiingia? Mtu akiunganisha kinyume, chanya kwa hasi? (Nilichora jedwali. Lilikuwa na rangi.) Mwishowe nikachagua plagi ya kawaida ya nyumbani, ya miguu mitatu, kwa sababu inauzwa kila duka na haiwezi kuingia kinyume. Hata usalama niliukumbuka: waya wa paneli, unaotoa umeme, nikauwekea soketi, na upande wa gari nikaacha waya mfupi wenye plagi ukining'inia ubavuni.

Fundi aliigeuzageuza mkononi. "Mtu akiona hii atafikiria ni ya kuchomekwa kwa stima."

"Nitakuwa hapo kila wakati," nikamjibu.

Wiki hiyohiyo tukaenda Gotu. Mbuzi walikuwa mtoni na wangerudi saa kumi, na wenye mbuzi walikuwa na wasiwasi kwa sababu homa ya mapafu ilikuwa imeshaua mbuzi wa majirani zao. Chanjo yote ilikuwa ndani ya friji yetu. Ikipata joto, basi, ni ya kumwaga, na nyingine ingechukua wiki mbili kufika, na homa haingoji. Tukaegesha kando ya duka la Mama Talaso, ambaye jenereta yake huchaji simu za kijiji kizima. Daktari, aliyekuwa ameshika usukani tangu alfajiri, akajifunga kikoi akalala humo garini. Mimi nikatandaza paneli.

Saa nane kivuli cha mgunga kikazifikia. Nikachomoa plagi, nikaiacha ining'inie, nikazibeba paneli hadi upande wa pili wa gari, na huko nikaanza kupima pembe ya jua kwa simu (msicheke, kuna programu ya kazi hiyo). Nilikuwa bado nabadilisha mawazo kuhusu pembe niliposikia mlio kama chupa imepigwa jiwe.

Nikazunguka mbio. Plagi yetu ilikuwa imetulia ndani ya ekstensheni ya jenereta iliyovutwa hadi garini, katikati ya chaja za simu, na Mama Talaso amesimama kando yake akitabasamu kama mtu aliyemkaribisha mgeni chai. Moshi ulikuwa ukitoka dirishani. Umeme wa jenereta ulikuwa umekiunguza kidude kinachodhibiti chaji ya sola, na friji ilipata umeme kupitia kidude hichohicho.

Mama alichomoa plagi mara moja. Ingeishia hapo kama ningefunga mdomo, lakini mimi nikapiga kelele, "Moto! Gari linaungua!" na wanaume watatu waliokuwa wakisubiri simu zao wakabeba mtungi wa maji wa lita ishirini wakaumwaga wote kupitia dirishani, na hapo ndipo nikakumbuka kitanda kiko wapi.

Daktari akatoka na kikoi chake, maji yakitiririka ndevuni, mbele ya kijiji kizima. "Kumbe Gotu kunanyesha?" akauliza.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Talaso peke yake hakucheka. "Wallahi, mwanangu, nisamehe," akaniambia. "Nimekuona unabeba hizo mabati juani, na mimi niko na stima. Gari ya mgeni itakaaje na njaa mlangoni kwangu?"

Nikaanza kupiga hesabu ya dakika ambazo friji iliyozimwa ingehimili kwa joto lile, nikirudia mara ya pili kuhakikisha, na Daktari akakamua ndevu akasema, "Injinia, chanjo." Nilipogeuka, Mama Talaso alikuwa ameshatoa soda zote kwenye friji ya duka lake na kuwagawia wale wazima moto. Tukahamisha chupa za chanjo humo, nikasoma kipimajoto. Nyuzi sita. Chanjo ilikuwa nzima.

Saa kumi mbuzi walirudi, tukawachanja mlangoni mwa duka hadi jua likakaribia kuzama, na kila nilipofungua friji mtu aliita, "Injinia, leta moja baridi!" Mwingine akanisukumia beberu aliyelala chini: "Huyu ameisha chaji, mchomeke." Daktari hakunigombeza. Tulipokuwa tukianika godoro alisema tu, "Siku tisa, Kendi," na heri angenigombeza.

Kesho yake tuliporudi mjini Fundi Mwiti alikuwa ameshapata habari. Viunganishi vyeusi vilikuwa mezani na kifuniko chake, naye akavifunga garini kabla chai yangu haijapoa. Tangu hapo nimeapa kutoacha nje ya gari kitu ambacho mtu mwema akikiona atatamani kukisaidia.

Tukipita Gotu, Mama Talaso hutoka dukani kuuliza, "Gari imekula?"

"Imeshiba, Mama," namjibu, halafu nazunguka ubavuni kuhakikisha.