Tawi Kwenye Njia Panda

Mdogo wangu anafundisha Kiingereza mjini, na kila likizo anapopanda Lushoto baba hunisahau. Mimi niliyebaki, ninayelima kabichi na karoti zake kule bondeni, ninayejua kila kijia kati ya mashamba ya watu, nageuka kuwa mtu wa kutumwa maji ya kunawa.

Likizo ile alikuja na kitabu chenye picha ya vijia vinavyozunguka kati ya michongoma mpaka mtu asijue pa kutokea. Waingereza huita "maze", akasema. Akamweleza baba kwamba zamani neno hilo halikuhusu njia hata kidogo. Lilikuwa neno la kumduwaza mtu, kumvuruga akili. Njia zilipewa jina baadaye, kwa yale yanayompata aliyeingia. Baba alifurahi mno. Ijumaa, baada ya swala, aliwasimulia wenzake kana kwamba kalivumbua yeye. Niliona wivu, sifichi. Njia zetu nazijua tangu utotoni, na hilo baba hajapata kumsimulia mtu.

Kesho yake tulikuwa tushuke shambani. Kwetu anayetangulia hulaza tawi bichi kwenye njia isiyofaa, ili walio nyuma wasiifuate. Nikawaacha wakimalizia chai, nikatangulia. Penye njia panda nilikata tawi, nikalilaza kwenye njia yenyewe ya shambani. Nilitaka mwalimu apotee, na baba amwone akipotea.

Nililima peke yangu hadi adhuhuri. Ukungu ulipoanza kushuka niliacha jembe nikapanda kuwatafuta, maana baba ana magoti mabovu. Niliwakuta juu kabisa, msituni, baba kakaa kwenye gogo, viatu vimejaa tope.

Mdogo wangu alinivuta pembeni. "Kaka, njia niliikumbuka," akasema. "Nilimwambia baba tulivuke lile tawi, akakataa kabisa. Akasema, tawi kaweka kaka yako, na huyo hajapata kutupoteza."

Baba alininyooshea mkono nimwinue, akauliza tushike upande gani.

Tulipofika njia panda aliliona tawi, likiwa limeanza kunyauka pale nilipolilaza. Akaniangalia usoni. Kisha akanishika bega, akalivuka taratibu, akatangulia yeye. Mpaka leo hajaniuliza.