Ndoo Kumi na Mbili za Dagaa

Juzi tuliitwa semina mjini Kigoma, walimu wa Hisabati wa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Tukagawiwa karatasi kubwa na kalamu nene, tukaambiwa tukae kwa vikundi tujibu swali moja: mtoto wa darasa la tano na la sita ajifunze nini? Kikundi changu kiliandika kwa mwandiko wa kupendeza. Sehemu, desimali, asilimia, uwiano, mzingo na eneo, ujazo, takwimu, mafumbo. Tukaibandika ukutani, tukanywa soda, tukaambiwa tumefanya kazi nzuri sana.

Mimi nilirudi nyumbani, mtaa wa Mwanga hapohapo mjini, nimenuna. Karatasi ile haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi. Yote yaliyoandikwa pale nimeyafundisha miaka yote niliyokuwa kwenye shule yetu ya Ujiji, nimeyafundisha mpaka chaki imenila vidole, na ninao watoto wanaoyajua kama wanavyojua wimbo. Mtoto anakokotoa vizuri, mistari imenyooka, kisha anapata kwamba mama ni mdogo kuliko mwanawe, anapigia jibu mstari na kuniletea nisahihishe. Hashtuki. Mwingine alipata mtu mwenye kilo mia saba. Nikamwuliza, huyu mtu anapita mlangoni kweli? Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa wa malaria akiweweseka, akasema, "Mwalimu, nimezidisha vizuri."

Kwa hiyo msinisomee orodha. Orodha ninayo. Nataka kueleza habari ya msichana mmoja wa darasa langu la sita, na mkiisha kusikia mniambie wenyewe kile tulichosahau kuandika.

Msichana huyu anakaa na bibi yake karibu na mwalo, pale mitumbwi inapofikia na kushusha dagaa. Bibi ni mwanikaji. Ananunua dagaa wabichi asubuhi, anawatandaza kwenye vichanja, anawageuza, jioni anakusanya wakavu wa kupeleka sokoni. Mjukuu amekulia kwenye kazi hiyo. Kabla ya kuja shule anakuwa ameshamsaidia bibi kutandaza, na mara nyingi magamba yanang'aa bado kwenye mikono ya sweta lake. Darasani alikuwa mkimya, ila si wa kulala. Alikuwa na tabia ya kukunja uso mbele ya swali, kama mteja anayepunjwa sokoni.

Mwalimu wetu wa taaluma ndiye hupanga mikondo. Kila muhula darasa la sita hufanya jaribio, kisha linagawanywa: wanaobebeka wanakwenda mkondo wa mbele, wanafundishwa asubuhi na jioni kwa ajili ya mtihani wa mwaka ujao. Waliobaki wanawekwa mkondo wa nyuma, wanarudia kujumlisha na kutoa, na hakuna anayewatarajia tena. Hatusemi hivyo kwenye kikao cha wazazi, lakini ndivyo ilivyo. Na bibi wa msichana alikuwa ameshatamka kwamba mjukuu akiwekwa nyuma, basi aache shule, amsaidie kazi moja kwa moja. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeniambia, huku akifuta ubao, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jaribio la muhula ule lilikuwa la kuchagua herufi. Swali mojawapo asili yake lilikuwa la machungwa. Lakini tulikuwa tumesisitiziwa tutumie mazingira yanayomzunguka mwanafunzi, na mwalimu wa taaluma ni mtu mtiifu. Akayatoa machungwa, akaingiza dagaa. Yeye anatoka Kidahwe, kila siku anakuja kwa pikipiki, kwao ni watu wa mahindi na maharage, na dagaa anawajua wakiwa wameshafika kwenye sahani. Swali likawa hivi: Mvuvi alianika ndoo kumi na mbili za dagaa. Aliuza robo ya dagaa wake. Je, alibaki na ndoo ngapi?

Jibu ni tisa. Msichana wangu alichagua tatu. Akakosa na mengine mawili matatu, akaangukia mkondo wa nyuma kwa alama moja.

Kujibu tatu ni kosa la kawaida. Mtoto anatafuta robo ya kumi na mbili, anapata tatu, anasahau kutoa. Nusu ya darasa walifanya hivyo. Lakini huyu nilimjua, na sikuamini kwamba alisahau. Nikamwita kwenye ukumbi wa ofisi, nikamwuliza ile tatu ameitoa wapi.

"Si wameanikwa, mwalimu?" akasema.

"Wameanikwa, ndiyo."

"Sasa wakianikwa si wanasinyaa? Ndoo tatu za wabichi ukizikausha unapata moja. Kumi na mbili zinakuwa nne. Akauza robo, ndoo moja. Zikabaki tatu." Kisha akanikunjia uso. "Au aliuza wabichi? Maana kama aliuza wabichi, aliwaanika wa nini?"

Nilicheka kwa furaha mpaka mwalimu mwenzangu akachungulia dirishani. Sikilizeni, mtoto yule alikuwa amefanya uwiano, somo ambalo kwenye azimio langu la kazi lilikuwa bado wiki kadhaa mbele. Akalifunga na sehemu. Akalisoma swali kama habari ya watu wanaofanya kitu chenye maana, akaliuliza swali lenyewe swali. Nimekaa kwenye semina ngapi nikiambiwa hivi ndivyo tunavyotaka?

Nikaenda mbio kwa mwalimu wa taaluma. Nikamweleza yote, mikono inacheza. Akanisikiliza, akavua miwani, akaifuta.

"Swali limesema ndoo kumi na mbili, mwalimu. Halijasema zilikauka."

"Limesema alianika! Watu wanaanika ili iweje?"

"Kwenye mtihani dagaa hawakauki," akasema. Hakuwa anatania. "Nikimpa huyu alama, na yule aliyesahau kutoa nimnyime kwa kipi? Karatasi zao zinafanana. Mwakani atakayesahihisha hatamwita ukumbini amwulize. Wewe unamsifia leo, mwakani anafeli. Nani atakuwa amemtendea ubaya?"

Swali hilo linanikera mpaka leo, hata usingizini. Laiti angekuwa mtu mbaya! Ningemchukia nikapumzika. Lakini ni mtu anayebaki shuleni mpaka jioni kwa ajili ya watoto wa wenzake, na alichosema ni kweli. Akakubali jambo moja tu: baada ya wiki mbili atampa jaribio jingine, peke yake, akifaulu atampandisha.

Wakati huohuo nilijaribu ya kwangu. Nilimsimamisha msichana mbele ya darasa aeleze alivyopata tatu, nikitarajia wenzake wataona kuwa kuna kufikiri ndani yake. Hawakuona. Wao walitaka kujua jibu ni herufi gani, na walipojua kwamba tatu ilikosa, wakaanza kumzomea. "Mama Dagaa! Mama Dagaa!" Niliwanyamazisha kwa ukali. Lakini shuleni jina likishatoka limetoka, na mapumziko yalipofika lilikuwa limeshazunguka uwanja mzima. Siku iliyofuata alikuja na sweta limefuliwa, halina gamba hata moja.

Bibi naye akaja. Alisimama mlangoni mwa darasa, kitenge kimefungwa vizuri, viatu amevivulia nje ingawa hakuna anayevua viatu kwetu.

"Mwakeye, mwalimu," akanisabahi kwa Kiha.

Nikamjibu, nikampa shikamoo yake, nikamvutia kiti. Akakataa kukaa.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Kama huyu hawezi, niambie mapema, usinionee haya. Mwaloni kazi haikosekani."

"Anaweza, bibi. Anaweza kuliko wengi."

"Mbona wamemweka nyuma?"

Nikamweleza habari ya ndoo kumi na mbili. Nilidhani atacheka, au atajivuna kidogo, maana mtoto alijibu kwa ujuzi wa nyumbani kwake. Hakucheka. Alimgeukia mjukuu wake, aliyekuwa amesimama kando ameinamisha kichwa, akamwambia kwa upole ambao ulinichoma kuliko kama angemfokea, "Ya mwaloni yaache mwaloni, mwanangu. Ukiingia geti la shule fuata ya shule. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, mimi nitakuwepo pale pale ukitoka."

Nilitaka kumpinga. Ningempinga kwa lipi? Mwanamke amesimama juani maisha yake yote ili mjukuu asisimame juani, nimwambie kwamba jua lake ndilo hesabu yenyewe? Nikamsindikiza mpaka getini.

Wiki mbili zikapita. Msichana alinijia kila mapumziko na maswali ya mafumbo, tukayafanya pamoja. Alijifunza haraka ajabu. Aliacha kukunja uso. Aliacha kuuliza mvuvi alikuwa na akili gani. Anaona "robo", anagawa kwa nne, anaona "alibaki", anatoa. Siku ya jaribio lake alipata yote, hata lile la dagaa ambalo mwalimu wa taaluma alilirudisha makusudi. Akapandishwa mkondo wa mbele. Mwalimu wa taaluma alinipa mkono kwa furaha ya kweli, na bibi alinitumia dagaa wakavu kwenye mfuko, wazuri, wasio na mchanga. Niliwapika na nyanya na pilipili, tukala nyumbani. Kila mtu alikuwa ameridhika, na mimi nilijilazimisha niridhike nao.

Lakini kitu kilikuwa kinanitafuna. Basi Ijumaa moja, kipindi cha mwisho, nikaandika ubaoni swali ambalo halipo kitabuni. Kichanja kimoja cha dagaa hukauka kwa saa sita za jua. Vichanja vinne vikianikwa pamoja, asubuhi moja, vitakauka kwa saa ngapi?

Nililiandika kwa ajili yake, sifichi. Wengine wangezidisha, hilo nililijua. Yeye nilitaka acheke. Nilitaka akunje ule uso wake, aseme, mwalimu, jua ni moja, linawaka kote, vichanja viwe vinne au arobaini vitakauka saa ileile. Nilitaka kusikia hivyo kwa hamu ambayo hata mimi ilinishangaza, na nilikuwa nimepanga kwamba akishasema, safari hii nitalitetea jibu lake mpaka mwisho, liwalo na liwe.

Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akaja ubaoni, akachukua chaki, akapanga kazi yake vizuri kama nilivyomfundisha. Kichanja kimoja, saa sita. Vichanja vinne, alama ya kuuliza. Sita mara nne. Akapiga mstari chini ya jibu, mara mbili, kwa kutumia rula.

"Saa ishirini na nne, mwalimu."

Nikavuta pumzi. Nikamwuliza polepole, "Leo asubuhi nyumbani mmeanika vichanja vingapi?"

"Vingi."

"Na jioni ukirudi utawakuta dagaa wakoje?"

"Wamekauka."

"Vichanja vyote?"

"Vyote."

"Haya. Tazama ubao."

Alitazama ubao. Akanitazama mimi. Niliona kwamba amenielewa, nina hakika amenielewa, kwa sababu uso ulianza kujikunja katikati ya nyusi kama zamani. Kisha akautuliza. Akautuliza mwenyewe, kwa nguvu, mtoto wa darasa la sita, kama mtu anayefunga mlango ili mgeni asione ndani. Akaniwekea chaki mkononi.

"Hiyo ni nyumbani, mwalimu," akasema. "Hapa ni sita mara nne."

Nikafungua mdomo niseme. Wenzake, walewale waliokuwa wakimzomea, walikuwa wameshaanza kumpigia makofi.