Jiwe la Kona

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee Peku alijenga ukuta, akaziba ufa, akauziba tena na tena, miaka thelathini na moja, pale pale. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi bandarini.

Jina la Peku alipewa na wenzake kwa sababu ukuta wa kuzuia mawimbi aliupima kwa miguu mitupu. Winchi ikishusha jiwe, alilipanda akahamisha uzito toka kisigino mpaka vidoleni. Likicheza hata kidogo, lilinyanyuliwa na kupangwa upya mpaka liumane na wenzake. Mkewe alizoea kulalamika kwamba ameolewa na magaga.

Jiwe moja tu lilimshinda, na hilo hakumwambia hata mkewe. Siku moja kabla ya mgeni rasmi kuja kukata utepe, alikanyaga jiwe la kona likacheza. Akamweleza msimamizi.

"Mgeni anakuja kesho asubuhi, wewe unaniletea habari za jiwe?" msimamizi alifoka. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mwaga zege!"

Peku akamwaga. Alikuwa kijana, kazi aliitaka, na alijidanganya kwamba atalirudia. Tangu hapo, kila bahari ilipochafuka kona ile ilibonyea, nao walirundika mawe juu, wakapiga zege, wakaenda zao.

Mwezi wake wa mwisho kazini kona ikabonyea tena. Safari hii alikwenda kwa mhandisi, msichana wa rika la binti yake, akatapika yote. Akamwomba kona ifukuliwe mpaka chini.

Mhandisi hakumkatiza. "Pole, mzee wangu. Tunajua. Wapiga mbizi walikuta chini kumebomoka miaka minne sasa. Bandari inahama. Hapa hatutengenezi tena."

"Na nyumba zilizo nyuma ya ukuta?"

"Watapelekewa barua," alisema, macho yake kwenye karatasi. "Lini, sijui."

Peku alitoka amenywea. Nyumba ya tatu nyuma ya ukuta ilikuwa ya binti yake, na kiwanja alikichagua yeye. Binti alisita siku ile, akauliza kama bahari haitawafuata. Baba mtu alijipiga kifua: "Mwanangu, ukuta huu nimeupanga kwa miguu yangu!"

Alikwenda kwake moja kwa moja, akamkuta na fundi rangi, wakichagua rangi ya chumba kipya walichoongeza upande wa baharini.

"Hameni, mwanangu," alisema hata kabla ya salamu. "Ule ukuta hautadumu."

Binti alicheka. "Baba naye! Unastaafu, sasa unataka na ukuta ustaafu?"

Fundi rangi naye akaangua kicheko.

"Jiwe la kona linacheza. Linacheza tangu siku ya kwanza, tukalifunika kwa zege."

Kicheko kikamkauka binti. Aliweka kopo la rangi chini, akamtazama baba yake kama mtu anayemtafuta aliyekuwa akimfahamu.

"Siku ile unatuonyesha kiwanja, ulikuwa unajua?"

Peku alitamani kudanganya. Uongo ulimjaa mdomoni, akaumeza.

"Nilijua."

Wajukuu walimsikia babu yao, wakatoka mbio kumlaki. Mama yao akawashika mikono, akawarudisha ndani.