Siku Nilibonyeza Mara Tatu

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nyoka nimeua na jembe. Lakini ile siku ya Kitale, wacha tu.

Mjukuu wangu, msichana wa binti yangu, alisomea kompyuta hapa chuo ya Kibabii. Akapata kazi ya kujaribiwa huko Kitale, kwa Singasinga mmoja ako na mashini ya kukausha mahindi. Mvua ilikuwa imekataa kuisha, mahindi inaota ukungu kwa gunia, watu wanapigania mashini. Singasinga akataka mkulima ashike zamu na simu akiwa kwake. Mjukuu akatengeneza. Aliniambia anatumia fremu ya Java. Nikamuuliza, "Java ni bwana ya nani?"

"Kukhu," ndivyo huniita mimi nyanya yake, "si unajua nyumba ya udongo? Kuna watu walishasimamisha nguzo na fito. Mimi nakandika tu."

Nikaelewa. Lakini alikuwa hagusi chakula, usingizi hapati. Nikajua hiyo nyumba inavuja.

Singasinga alikuwa amemwambia, na sauti yake ni kama gunia inaburutwa: "Mimi hapana taka kitu ya watu ya suti. Veve leta mama hapana soma. Yeye naweza, veve napata kazi. Yeye hapana weza, kwaheri."

Mama hapana soma ndio mimi.

Basi nikawekwa kwa ofisi, mashini inanguruma nyuma ya ukuta, Singasinga amekunja mikono. Kwa simu kulikuwa na picha ya hindi, na kitufe ya kijani ya kutuma. Nikabonyeza hindi. Nikabonyeza kijani. Kimya. Kamviringo kakaanza kuzunguka, kanazunguka tu, hakuna mtu anaitika. Sasa kwetu ukifika kwa boma ya mtu unapiga hodi, unangoja, unapiga ya pili, unangoja, ya tatu. Hodi moja ni ya mwizi, anaangalia kama kuna mtu. Nikampigia kijani hodi yake ya pili na ya tatu, kwa heshima kabisa.

Karani wa mashini akapiga kelele huko nje: "Zamu ya leo imejaa! Zile tatu zilibaki zimeenda!"

Mzee mmoja wa Malakisi, aliacha tumbaku akaingia mahindi, akaruka: "Imejaa aje? Si nimerara hapa kwa raini ya mashini! Nani amekura zamu yangu, bana?"

Nikavuta leso mpaka kwa macho.

Singasinga akaangalia simu. "Mama moja, zamu tatu." Akaangalia mjukuu. "Mimi nakwenda kula. Mimi narudi, mama nabonyeza tena."

Alipotoka nikasema, "Mtoto wangu, nimekumaliza."

"Kukhu, nyamaza kidogo, nitafute."

Akafungua kwa kompyuta mahali watu wa hiyo kazi wanaulizana. Nikamwambia anisomee, ndio nisizirai. Mmoja analia: "Kwa nini mtu akibonyeza mara mbili, inaingia mara mbili?" Mwingine: "Kwa nini mtu akienda kutafuta miwani, akirudi anaambiwa aingie upya?" Mwingine, huyo sauti yake nyembamba, mimi najua tu: "Jana ilifanya, leo ukurasa ni mweupe, na ati sijagusa kitu!"

"Hao wote ni wa Kibabii?"

"Ni wa dunia mzima, Kukhu."

Hapo ndio uoga ikaongezeka. Kumbe dunia mzima inakandika, na hakuna mtu anajua kama ukuta itasimama.

Akapata dawa. Ati kila ukurasa unapewa tikiti yake. Hodi ya kwanza inakula hiyo tikiti, hizo zingine zinaambiwa, tulishasikia. Na ilikuwa humo humo kwa fremu, yeye tu hakuwa ameiunganisha. Akafuta zamu zangu tatu, akaandika, vidole kama kuku inadonoa. Akazima, akawasha. Maandishi nyekundu ikajaa kioo yote.

"Hiyo ni damu ya nani?" nikamtania.

Akasogeza uso karibu na kioo, akasoma mstari kwa mstari. Akarekebisha, akawasha tena, na viatu ya Singasinga inapanda ngazi.

Nikamnong'oneza, "Nibonyeze moja tu, twende nyumbani na kazi."

"Hapana. Bonyeza vile wewe hubonyeza."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, ni yangu." Akanisukumia simu.

Nikabonyeza. Kamviringo kakazunguka. Hiyo ya pili mkono ikakataa, nikaikalia.

"Mama naogopa?" Singasinga akauliza.

"Naogopa, mzee. Naogopa kabisa."

Nikaitoa, nikapiga ya pili. Nikafunga macho, nikapiga ya tatu. Nilipofungua, zamu ilikuwa moja. Singasinga akaninyang'anya simu, akaigonga na kidole gumba kama mtu anaua kiroboto, tena, na tena. Moja. Huko nje karani akaita, "Wa Malakisi, leta gunia!"

Singasinga hakucheka. Akamwambia mjukuu, "Jumatatu, saa mbili asubuhi." Mtoto akakaa chini, kwa sakafu.

Mimi nikajifunga leso nitoke haraka, nikaona kidole ya Singasinga inanionyesha.

"Na hii mama pia nakuja. Yeye naharibu vizuri sana."

Nikakaa chini kwa sakafu, kando ya mtoto.