Kuangalia Tu

Mume wangu alipofariki hapa Iringa, nilifungua folda ya pamoja mtandaoni ili kila aliyepiga picha msibani aziweke humo. Binti wa jirani ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza.

"Mama, nani aruhusiwe kuhariri?"

"Wote."

Kwetu mlango wa nyumba yenye msiba haufungwi. Sikuona kwa nini huu ufungwe.

Wiki haikuisha, picha zenye sura yangu zikaanza kutoweka. Ya harusi yetu, niliyoiweka humo mwenyewe, ilibaki, lakini mimi nilikatwa. Kando ya mume wangu kiliachwa kiwiko tu ndani ya shela nyeupe. Jina la aliyeibadilisha lilionekana palepale: wifi yangu wa Mbeya, dada wa marehemu. Nikampigia.

"Wifi, mbona umenikata?"

"Ni ya kuchapisha kwenye fulana za arobaini. Sisi tumezaliwa naye. Wewe ulimkuta mkubwa."

"Nilimkuta mkubwa, nikamwogesha akiwa mgonjwa. Wewe ulikuwa wapi?"

Akakata simu.

Sikulia. Nilirudisha picha zangu, ndugu wengine nikawaachia kuangalia, yeye nikamwondoa kabisa. Kisha nikaweka humo video niliyompiga mume wangu kitandani, sauti imeshakauka, akimsalimia dada yake kwa Kihehe: "Kamwene, dada." Halafu, kwa Kiswahili, "Uje." Hakuja.

Ndugu waliiona, wakamsimulia, kama nilivyotaka. Ombi lake la ruhusa likaingia kwenye simu yangu. Nikaliacha. Likaja jingine. Mwishowe akapiga.

"Wifi yangu, nasikia mdogo wangu ananiita humo. Nifungulie."

"Subiri, kama alivyokusubiri."

Arobaini ilipofika alikuja, kavaa fulana yake. Mume wangu alikuwa kifuani pake anacheka, na kiwiko changu kando, alishindwa kukitoa. Aliosha masufuria na wanawake wenzake bila kuniangalia. Wageni walipoondoka akasimama mbele yangu na simu mkononi.

Nikamfungulia. Kuangalia tu, kupakua nikazuia.

"Mama, hataweza kuihifadhi kwake," binti wa jirani akaninong'oneza.

"Najua."

Kila akitaka kusikia sauti ya mdogo wake, lazima apite mlangoni kwangu. Bado sijaufunga. Lakini sasa najua pa kubonyeza, na yeye anajua kwamba najua.